Tulivyosafisha Ushahidi

Mpaka leo nikisikia mtu anasifu usafi wa mtaa wetu, damu inanichemka. Usafi! Usafi ndio uliotuponza.

Nyuma ya kiwanda kidogo cha sabuni hapa Mbugangari kuna mfereji. Kwa miezi mingi walitupa humo magunia ya soda kali iliyoharibika, ile wanayopikia sabuni. Mengine yalipasuka, na kila mvua iliponyesha unga ule uliyeyuka ukateremka na maji. Sheria inakataza waziwazi: taka za namna hiyo zinakabidhiwa watu wenye kibali cha kuziteketeza, hazitupwi wanapopita watoto. Na kila mtu alijua ni zao. Nani mwingine mtaani anatumia soda kwa magunia? Mimi ni karani, barua ndiyo kazi yangu, basi nikawaandikia watu wa mazingira serikalini. Wakanijibu kwamba mkaguzi atakuja Jumatatu. Nilifurahi mno, nikakimbia kumwambia mkuu wa mudugudu, kiongozi wa mtaa wetu. Mjinga mimi!

Jumamosi kabla ya Jumatatu hiyo ilikuwa ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, tunapotoka wote kufanya kazi za mtaa. Mkuu akasimama mbele yetu.

"Bon, Lundi tuko na mugeni wa serikali," akasema. "Mutu asiniletee haya. Ule mufereji tunausafisha leo, tunaumaliza."

"Lakini mkuu, magunia ndiyo anakuja kuona!" nikasema.

"Aone takataka kwetu? We unataka tuandikwe wachafu?"

Watu wakacheka. Sisi ndivyo tulivyo: mgeni akitangazwa, kwanza ufagio, maswali baadaye. Kiwanda chenyewe kikatoa kamyo, lori lao la mizigo, na makoleo, na meneja wao akaja na buti mpya kutupigia makofi. Asanteni, raia wema! Ningepiga kelele. Ningejilaza juu ya yale magunia. Lakini nilichukua jembe, nikakwangua udongo pamoja na wenzangu mpaka ukawa mwekundu safi. Hilo sijajisamehe.

Yaya, dada yangu mkubwa, yeye alibeba magunia kwa mikono mitupu. Anauza sambaza, na alitoka moja kwa moja kwenye beseni la samaki, mikono bado imelowa. Soda na maji! Nilimwona anasugua viganja, akasema vinateleza tu kama amepaka sabuni. Saa sita alikuwa analia barabarani: "Yebabawe, mi naungua!" Kwenye kituo cha afya walimmiminia maji muda mrefu, lakini ngozi ilikuwa imeshaondoka. Mkono wa kushoto ukafungwa bandeji wote, wa kulia vidole vikabaki laini, vyekundu. Kamyo ilikuwa imeshaondoka na magunia, na hakuna aliyetuambia imeelekea wapi.

Jumatatu mkaguzi akaja, kijana aliyekulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka. Akatembea mfereji mzima, juu mpaka chini.

"Dada, taka ziko wapi?"

Nikamweleza yote. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akasema picha haimwambii gunia limetoka kwa nani, yeye anataka gunia lenyewe, au udongo wake, akapime. Meneja akatikisa kichwa kwa huruma. Huruma! Akasema kiwanda chake hakijawahi kutupa kitu pale, tena kilisaidia wananchi kusafisha uchafu wa wengine.

"Na mikono hii?" Yaya akauliza. "Hii nayo iko ya wengine?"

"Mama, pole sana. Hilo ni la hospitali. Mimi naandika ninachokiona hapa."

Akaandika. Mahali ni safi, hakuna taka zilizoonekana. Mkuu akatia sahihi, kifua mbele. Mkaguzi akataka na raia mmoja ashuhudie, na kwa kuwa Yaya alikuwa karibu, akamsogezea kidau cha wino. Kalamu asingeweza kushika, basi kidole gumba kingetosha.

Yaya akamtazama. Kisha, sijui alipata wapi utulivu ule, akachovya kidole, akakikandamiza kwenye karatasi. Likatoka doa jeusi tupu. Hakuna hata mstari mmoja wa kidole. Akarudia pembeni. Doa lingine.

"Rudia taratibu, mama," mkaguzi akasema.

"Nirudie nini? Alama zangu mulizibeba na kamyo."

Meneja akageuka kutazama ukuta wa kiwanda chake. Mkaguzi akanigeukia mimi na kunipa kalamu ili nishuhudie badala yake. Nikaipokea. Chini ya mistari yake nikaandika kwamba magunia yalikuwepo, kwamba tuliyabeba wenyewe Jumamosi kwenye kamyo ya kiwanda, na kwamba yaliyomuunguza dada yangu ndiyo hayo. Nikatia sahihi, nikamrudishia karatasi.

Akaisoma mara mbili. "Dada," akasema, "umeniharibia fomu."