Mstari Mmoja na Saini

Mtunza maabara alilizoea daftari la yule mama kabla hajaizoea sura yake. Mama huyo alikuwa mwanafunzi mtu mzima kati ya vijana, msomi wa sheria aliyeandika mwenendo wa kesi miaka kumi na mitano, na sasa kaja kusomea shahada nyingine, ya fizikia. Chuo kilikuwa kimempa muhula mmoja wa kumpima kama ataweza. Hakuwa na kifutio. Akikosea tarakimu aliikata kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, kisha akatia saini pembeni, kama alivyozoea mahakamani. Vijana walimwita Hakimu. Yeye alitabasamu tu, akafunika kalamu yake.

Siku ya kupima mwendo wa jiwe linalobembea kwenye uzi, profesa alipita meza hadi meza. Majibu ya vijana yalilingana na kitabu, na karatasi zao zilikuwa zimechubuka kwa kufutwa. Jibu la mama lilikuwa mbali kabisa.

“Mama, hapa kumetokea nini?”

Kidole cha mama kilishuka taratibu kwenye ukurasa, kikasimama. “Kosa ni langu, mwalimu. Katika kuhesabu mibembeo, nilipoliachia jiwe niliita moja. Ilipaswa niite sifuri.”

Akapiga mstari mmoja ulionyooka. Akatia saini. Profesa alizitazama meza nyingine, akavuta kiti, akaketi karibu naye.

Jioni ile mtunza maabara alikosea idadi ya lenzi katika rejista yake. Kifutio cha miaka yote kilikuwa tayari mkononi. Alikirudisha kwenye droo, akapiga mstari mmoja, akasaini.