Nilikataa kubadilisha library yangu ili app ya Kanduyi ipate kusoma unyevu wa mahindi

Wakuu, natumai mko salama huko mliko. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Niko Kitale. Coding nilijifunza mwenyewe, na mimi ni mtu wa wasiwasi. Kabla ya kutuma kazi naikagua hadi macho yanauma.

Niliandika library ndogo, yaani kipande cha programu cha kutumiwa na app nyingine, ya kusoma kipimo cha unyevu wa mahindi. Inapokea data kutoka kwa mashine na kuipatia app yoyote inayoihitaji. Stoo moja hapa Kitale imeitumia msimu mzima bila shida.

Kisha Mama Nekesa, mwenye stoo Bungoma, akaitaka pia. App yake iliandikwa na Wafula wa Kanduyi.

Siku ya kwanza tu, skrini ikaonyesha unyevu sufuri. Gunia la pili likasoma hasi, tarakimu ndefu kama namba ya simu. Kisha app ikajizima. Wakulima wa Matulo wako foleni na mahindi yao, na mawingu yanakusanyika.

Mama Nekesa akanipigia. Nisipotengeneza siku hiyo, anaitupa library yangu.

Nakiri, niliomba msamaha kabla sijajua kama kosa ni langu. Ndivyo nilivyo.

Nikafika Bungoma na laptop. Programu yangu ya majaribio ikapima mahindi yale yale: asilimia 13.4, mahindi makavu ya kawaida. Nikapumua.

Nikamwuliza Wafula, aliyekuwa pale stoo, aliijenga app na settings gani. Ati kwenye compiler, ile programu inayogeuza code kuwa app, aliwasha flag, yaani swichi, inayobana data isiache nafasi tupu katikati, ili app iwe nyepesi.

Yangu haikubanwa. Tukapima: rekodi ile ile, kwangu baiti 16, kwake 9. Mimi naweka unyevu baada ya baiti nane, yeye anautafuta baada ya moja. Na compiler haikulalamika, kwa sababu kila upande ulijengwa peke yake.

Wafula akasema, "Si ubane yako pia, dada? Ni kitu kidogo bana."

Nikakataa. Nikiibana, stoo ya Kitale, ambayo app yake haijabanwa, itasoma uchafu huo huo siku itakapopata toleo jipya.

Mama Nekesa akanitazama. "Msichana wangu, unakataa kazi yangu?"

Nikamgeuzia laptop aione ile 13.4. "Sikatai kazi, mama. Nakataa kuharibu iliyo sawa."

Wafula akacheka, ati mimi ni mgumu kama mahindi ya kuchoma ya jana. Lakini akazima flag, akaijenga app upya.

13.4. Magunia yakaanza kuingia, mvua ikiwa bado mlimani.

Siku hizi library yangu inaiuliza app kwanza ukubwa wa rekodi yake. Usipolingana, inagoma kufunguka na inasema kwa nini. Inakataa vizuri kuliko mimi, haiombi msamaha.

Nilichojifunza: ulizeni settings za upande wa pili kabla ya kuunganisha, na msiombe msamaha kabla ya kupima.

Wale wa "ungebana tu yaishe", uwanja ni wenu hapo chini. Msimamo wangu ni ule ule.