Siku Pampu ya Maji Ilipotukwamisha

Treni ya kutoka Mbeya ilichelewa, na mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku wodini bila kulala. Mama aliposhuka pale Makambako, jicho moja limefungwa bandeji baada ya upasuaji, sikuwa hata na nguvu za kumkumbatia vizuri. Nikampakia garini, nikamfunika blanketi, tukaanza safari ya Njombe.

"Washa hita, mwanangu. Miguu inakufa ganzi."

"Nimeshawasha, Mama."

Nikaweka kiganja kwenye tundu la hewa. Hewa ilikuwa baridi kama ya nje. Huku mshale wa joto la injini ulikuwa umeshapita katikati na ukizidi kupanda. Injini inachemka, hita inapuliza baridi: maji hayazunguki. Mbele kulikuwa na mlio mwembamba wa kukwaruza, unapanda kila nikikanyaga mafuta.

Nikasimamisha gari kando, nikazima injini. Nilipoinama niliona kulanti, yale maji ya kijani ya kupoza injini, inadondoka chini ya puli, gurudumu la mkanda linalozungusha pampu ya maji. Injini ilipopoa nikaishika puli, nikaitikisa. Ilicheza kama jino bovu.

"Hatuwezi kusogea taratibu hivyo hivyo?" Mama akauliza.

"Tutaua injini."

Lori la mbao lilituvuta kurudi Makambako. Fundi akafungua pampu. Beringi zilikuwa zimekwisha kabisa. Alipokuwa anafunga pampu nyingine, tulikaa kwenye benchi na vikombe vya chai.

"Usinipeleke Njombe," Mama akasema. "Nipeleke kwangu Kichiwa."

"Nimekuandalia chumba, Mama. Nani atakuwekea dawa ya jicho?"

"Jirani yangu. Nimechoka kuwa mgeni. Tangu niugue nalala kwenye vitanda vya watu."

Mimi muuguzi, nilikuwa na majibu mengi ya kumpa. Badala yake nilikunywa chai yangu iliyokwisha kupoa.

Tulifika Kichiwa jua likielekea kuzama. Jirani akatoka jikoni anapangusa mikono. "Kamwene!" akatusalimu kwa lugha ya kwetu, na Mama akaitikia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia siku nzima. Akapapasa ukuta, akaenda mwenyewe hadi kitandani.

Nilimwonyesha jirani namna ya kumdondoshea Mama dawa, tukarudia hadi akaweza mwenyewe. Kisha nikavua viatu, nikajilaza nyuma ya mgongo wa Mama nikiwa na nguo zangu za kazi.

"Sogea, unanibana," akasema.

Sikumbuki kama nilisogea.