Jalala la Mama Mkwe

Nilikuwa na miezi minne tu ya ndoa tulipohamia kijiji kipya, na kazi ya kwanza niliyopewa na mama mkwe katika nyumba ile ilikuwa kubeba taka kuzirudisha kijiji cha zamani. Nasema kweli. Maganda ya mihogo, majivu, miiba ya samaki, pumba zilizooza, vyote nilivitia kwenye tenga, nikajitwisha, nikatembea saa nzima na ushee hadi kwenye mahame yetu. Huko nilivimwaga kwenye jalala lake la zamani, nyuma ya nyumba ambayo paa lake tulikuwa tumeling'oa wenyewe. Kisha nikarudi na tenga tupu. Mtu akiniuliza njiani natoka wapi, nilisema nilikwenda kutafuta kuni. Kuni zenyewe sina.

Ilikuwa miaka ya sabini, upande wa Mamba, wakati watu walipotakiwa kuacha miji yao iliyotawanyika wakae pamoja. Tulipangwa kwa mistari kandokando ya barabara, kila nyumba na kiwanja chake. Mimi nimekulia Ilembo, karibu na Mpanda mjini, na sikuona ubaya wowote: kisima karibu, zahanati karibu, majirani wa kupiga nao soga wakati wa kutwanga. Mama mkwe hakuona uzuri wowote. Mumewe alikuwa amezikwa kule kwenye mahame, na siku tuliyohama alimwambia mwanawe, yaani mume wangu, mbele yangu: "Nikifa mnirudishe kule kwa mwenzangu. Huku mimi ni mpangaji."

Mume wangu aliitikia. Yeye alikuwa mtu wa kuitikia. Sauti ya mama yake ikipanda, alikumbuka kazi shambani.

Sasa, mwenyekiti wetu wa kijiji alikuwa na mpango wa taka. Alikuwa mwembamba, mpole, na hakutoka nyumbani bila kamba yake ya kupimia yenye mafundo. Alituita kwenye uwanja wa shule akatueleza kwamba masika ikija, mito ya pande zote inajaa, lori halipiti, na sisi tunabaki kisiwa kwa miezi kadhaa. Kinachoingia kijijini hakitoki.

"Kopo likiingia humu limeingia," alisema. "Nyie mnataka wajukuu wenu warithi nini, mashamba au makopo?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akatoa utaratibu. Kila nyumba ichimbe shimo mbele, karibu na barabara, la vitu vinavyooza. Kando ya shimo kiwepo kichanja cha kuwekea makopo na chupa, na kila Jumamosi mkokoteni wa kijiji utapita na ng'ombe wake wawili kuvikusanya. Makopo yaende kwa fundi anayetengeneza koroboi na vipimo vya nafaka. Chupa ziende zahanati zikachemshwe, maana siku zile dawa ya kikohozi ulipewa kama umekuja na chupa yako, na wengi walikwenda mikono mitupu. Shimo likijaa lifukiwe, upandwe mgomba, lichimbwe jingine hatua chache nyuma yake. Shimo moja kwa mwaka.

Na hakuishia kusema. Alipita nyumba hadi nyumba na kamba yake, akapigilia vijiti kumi kwa kila nyumba, kimoja baada ya kingine, kutoka barabarani hadi nyuma ya jiko. Mashimo ya miaka kumi. Mama mkwe alivitazama vile vijiti hadi cha mwisho.

"Huyu mtu ananihesabia miaka," alisema.

Lazima nieleze kilichowakera akina mama. Kule tulikotoka, jalala lilikuwa nyuma ya nyumba, na mgeni hakuwa na shughuli nalo. Jalala ni mbea. Linasema umekula nini, umeunguza nini, umevunja nini. Sasa tumeambiwa tuliweke barabarani, mpita njia akitaka kujua chakula chetu cha jana achungulie tu. Basi watu wakaanza visa. Mama mmoja wa nyumba za juu alichinja kuku, akayaweka manyoya juu kabisa ya shimo lake, na wiki mbili baadaye yalikuwa bado juu. Kila akimwaga maganda aliyachomoa akayaweka tena. Mwingine alikuwa na kopo moja la samaki lenye picha nzuri. Liling'aa kwenye kichanja chake siku zote, ila Jumamosi asubuhi, kabla ya mkokoteni, lilipotea. Jumapili likarudi. Mimi nilicheka mpaka nikaambiwa nina utovu wa adabu.

Shimo letu sisi lilikuwa safi kuliko sahani. Mama mkwe alilifagia. Upepo ukileta jani, alishuka akalitoa. Kichanja chetu hakikuwa na kitu, maana chupa alizificha chini ya kitanda. Na mimi, kila baada ya siku mbili, tenga kichwani kwenda mahame. Nilichoka. Nilinung'unika njia nzima, na njia ilikuwa ndefu, kwa hiyo nilinung'unika vizuri.

Wiki ya nne, asubuhi, tulikuwa tunapepeta mpunga uani tukasikia hodi. Alikuwa mama wa nyumba ya ng'ambo ya barabara. Huyu na mama mkwe walikuwa hawasemeshani tangu kijiji cha zamani, kisa mbuzi aliyekula miche. Amebeba beseni, ndani wali, juu maharage, amelifunika kwa kitambaa safi.

"Dada, pokea," alisema kwa sauti ya msibani. "Tumeona hali. Sote tumehama, hakuna wa kumcheka mwenzake."

"Hali gani?" mama mkwe akauliza.

Yule mama aligeuka. Alitupa jicho barabarani, kwenye shimo letu, akaliteremsha haraka.

Nikaelewa kabla ya mama mkwe kuelewa. Wiki nne, shimo halina hata ganda. Hata majivu hakuna! Kijiji kizima kilikuwa kimesoma shimo letu na kukubaliana kwamba nyumba ile haipiki. Kabla ya adhuhuri yakaja mabeseni mengine mawili, moja la mihogo, moja la ugali na dagaa, na wote waliyaleta kwa sauti ile ile ya msibani. Na kihenge chetu kimejaa mpunga hadi mdomoni.

Mama mkwe alifura. "Mimi? Mimi niliyelisha watu mwaka ule wa ukame, leo naletewa ukoko?" Haukuwa ukoko, ulikuwa wali mzuri, nami niliula. Lakini chombo cha mtu hakirudi kitupu, kwa hiyo alijaza mchele mabeseni yote matatu, kwa fujo hadi ukamwagika, akanituma niyarudishe. Nilipita barabarani taratibu, bila kufunika, watu waone. Hilo sikuagizwa, nilijiongeza mwenyewe.

Niliporudi nilimkuta amekaa nyuma ya jiko, miguu ameinyoosha, analia. Sikuwahi kumwona akilia. Nilisimama tu na mikono yangu mitupu, nikaona aibu kwa vicheko vyangu vyote.

"Mwali," akaniambia, "mtu humwaga majivu kwake. Lile jalala nilianza kulimwagia siku ya pili ya ndoa yangu. Watoto wote nimewazaa, majivu ya uzazi yako pale. Mwenzangu alipofariki, moto wa matanga tulipouzima, majivu tulimwaga pale. Nikimwaga hapa, nimekubali kwamba kule kumekwisha."

Ningenyamaza, ningekuwa mkwe mwema. Lakini nilikuwa na miguu inayouma.

"Mama, kule kumekwisha," nikasema. "Mimi ndiye ninayekwenda, naona. Ukuta umeanguka. Kama hapa si kwako, basi mimi nimeolewa wapi? Nimekuja kwa nani?"

Jioni nzima hakunisemesha, nami nikajua nimeharibu. Nililala nikipanga maneno ya kuomba radhi.

Kulipopambazuka nilimkuta mlangoni, amejifunga kanga kiunoni, tenga kichwani kwake. "Chukua jembe, twende," alisema.

Kule kwenye mahame alipalilia kaburi la mumewe kwanza. Alikaa pale kidogo akizungumza naye kwa Kipimbwe, lugha ya kwao. Mimi nilisogea mbali. Kisha akaja kwenye jalala, akanionyesha pa kuchimba, chini, pale penye weusi. Udongo wake ulikuwa laini, na ndani yake mlikuwa na vigae vya vyungu ambavyo alivitambua kimoja kimoja, hiki alikivunja nani na kwa ujinga gani. Tulijaza tenga. Nilitaka kulibeba, akakataa. Alijitwisha mwenyewe, na tulipofika kijijini jua lilikuwa utosini, watu wote wako vibarazani. Alipita katikati ya barabara bila haraka, akasimama kwenye shimo letu, akamwaga.

"Leta majivu ya leo," akaniambia.

Nikayaleta. Akayamwaga juu ya yale ya zamani, akayatandaza kwa mguu. Yule mama wa ng'ambo alikuwa amesimama kwake anatazama, na mama mkwe akamwita aje amalizie kwa kumwaga maganda yake humo humo. Huo ndio ukawa mwisho wa kesi ya mbuzi.

Jumamosi ile chupa kumi na moja zilitoka chini ya kitanda. Mkokoteni ulipoondoka nazo zikigongana, mama mkwe aliwakaripia wanaouongoza wasizivunje, kuna watoto wanakohoa.

Shimo la kwanza lilijaa, tukalifukia, tukapanda mgomba. Ulitoa mkungu ambao mume wangu na mimi tuliubeba wawili. Nakumbuka raha ya siku ile, harufu ya ndizi na samaki chunguni, na mwenyekiti amekuja na kamba yake kupima unene wa shina. Tulikuwa tumeshiba, tumekaa uani, mama mkwe alipoinuka akaanza kutembea kando ya vile vijiti akivihesabu. Alifika cha nane, nyuma ya jiko, mahali penye kivuli asubuhi. Akainama akaking'oa.

"Hapa pasichimbwe shimo la taka," alimwambia mwenyekiti. "Hapa ni pangu."

Mume wangu alisimama. "Mama, si ulisema tukurudishe kule kwa baba?"

"Baba yako nilimuaga siku ile ya tenga," akasema. "Akanielewa. Nyie ndio wagumu wa kuelewa."

Mwenyekiti akasogea. Alichukua kile kijiti mkononi mwa mama mkwe, akanyoosha kamba, akakipigilia mwisho kabisa wa mstari, baada ya cha kumi.

Kwa hiyo mashimo yetu yalitoka la saba yakaruka hadi la tisa, na wakati huo mama mkwe mwenyewe alikuwa bado mzima, anapita pale kila asubuhi na ungo wake wa maganda, ananikemea kwamba namwaga majivu yangali na moto, nitaunguza migomba. Sasa amelala pale, kati ya mgomba wa saba na wa tisa. Majivu nayasubiri yapoe kwanza.