Nilimtibu Askari Bila Kumgusa

Nimemuua mbwa wa shangazi yangu kwa ujuaji. Naanza na hilo ili asitokee mtu wa kunionea huruma.

Shule niliishia darasa la saba, lakini kusoma sijaacha. Nasoma vitabu vya mifugo, hata vile vikaratasi vinavyokunjwa ndani ya maboksi ya dawa. Nina daftari ninamoandika kila mnyama niliyemtibu, siku kwa siku. Hapa Kwedizinga watu waliniita Daktari, na mimi, mjinga, nikawa naitika!

Shangazi ni mjane. Shamba lake la mahindi limepakana na pori lenye nyani, na mlinzi wake alikuwa mbwa mmoja tu, Askari. Nyani walikuwa wakimwona wanageuza.

Masika ya mwaka jana Askari aligoma kula. Joto lilimpanda, akawa analala kutwa chini ya uchanja wa vyombo. Masikio yamejaa kupe walionenepa kama mbegu za nyonyo.

Sasa sikieni nilivyompima. Nilisimama hatua tatu mbali naye, fimbo mkononi! Sisi ni Waislamu, mate ya mbwa kwetu ni najisi, na tangu utoto tumezoea kumtupia mbwa chakula kwa mbali. Nikamgeuza kwa fimbo, nikatazama kinyesi chake, nikaandika: minyoo. Shangazi nikampa dawa aichanganye na ugali.

Baada ya wiki moja Askari akainuka, akala, akarudi kufukuza nyani.

"Baba, una mikono ya baraka," shangazi akaniambia. Ananiita baba kwa sababu nimerithi jina la baba yake.

Mikono! Mikono ipi, wakati haikumgusa? Nikaandika "amepona", nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Hakuwa amepona. Nimekuja kuelezwa baadaye kwamba bakteria wa homa ya kupe huingia ndani ya chembe nyeupe za damu wakajificha humo. Mbwa huumwa wiki chache, kisha huonekana mzima hata miezi, huku damu yake ikipungukiwa uwezo wa kuganda. Ule uzima niliojisifia ulikuwa ugonjwa wenyewe!

Mahindi yalipoanza kubeba, Askari alikonda. Kinyesi kikawa cheusi. Siku ya kuogesha ng'ombe kwenye josho, bwana mifugo alimwona amelala, akamwambia shangazi, "Bibi, huyu apelekwe Korogwe akapimwe damu. Mimi hapa sina kifaa, na kwa macho tu siwezi kusema."

Nikacheka mbele za watu. "Umesoma miaka yote hiyo, halafu huwezi kusema? Mimi nina daftari!"

"Sawa mzee. Hilo daftari limemtazama fizi?"

Watu wakaangua kicheko. Hapo ndipo nilipoharibu. Swali lilikuwa la haki na jibu nilikuwa nalijua, lakini kilichoniuma ni kuchekwa. Nikamgeukia shangazi: "Minyoo imerudi. Ongeza dozi."

Na akaniamini! Akamwacha aliyesomea kazi, akamwamini mtoto wa kaka yake.

Siku tisa baadaye damu ikamtoka Askari puani. Mnajua niliandika nini? Mwiba! Kwamba amechomwa na mwiba porini!

Kesho yake damu ikatoka tena, haikukata. Shangazi hakunisubiri. Alimfunga mbwa kwenye kanga, akapanda bodaboda. Mama mtu mzima, asiyekosa swala hata moja, amempakata mbwa mpaka Korogwe! Nikafuata nyuma na bodaboda nyingine, daftari kwapani.

Daktari wa mifugo alimfunua mdomo kwa kidole gumba. Basi. Fizi zilikuwa nyeupe kama unga wa muhogo, zina vidoa vyekundu kama vya kuchomwa sindano. Tumboni vilevile. Alichukua tone la damu sikioni, akalitazama kwa darubini, kisha akatumia na kipimo kingine, maana alisema darubini peke yake huweza kukosa. Homa ya kupe.

"Alianza kuumwa lini?"

Nikamsomea. Tarehe zote zilikuwepo: homa, kupe, kukonda, kinyesi, damu. Akalichukua daftari, akalisoma mwenyewe.

"Mzee, ugonjwa wote umeuandika humu. Angeletwa ulipoandika ukurasa huu wa kwanza, vidonge vya wiki nne huenda vingemtosha."

Askari alikufa kesho yake. Nilimbeba kwa mikono hii, nikamzika. Kisha nikanawa mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa. Kunawa kote huko hakukuchukua hata dakika kumi!

Nilimuuliza shekhe. Akanishangaa. "Nani alikukataza kumtibu? Unashika, unaosha." Kumbe dini ilinipa njia zamani. Uvivu wangu na kiburi changu ndivyo nilivyovivisha kanzu!

Nyani walimaliza mahindi kwa wiki mbili. Shangazi alishinda shambani anagonga debe kuwafukuza, ingawa mguu wake mmoja ni mbovu. Nilimwendea.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Daktari."

Lile jina la "baba" hajaniita tena mpaka leo.

Wewe unayesoma hapa, mbwa wako akigoma kula na ana kupe, mtazame fizi, mtazame tumbo, mpeleke akapimwe damu, hata kama kesho ameinuka mwenyewe. Kuinuka kwake kusikudanganye. Na wewe mwenzangu unayeitwa daktari na majirani, ukiambiwa na mtu kwamba kwa macho tu hawezi kusema, huyo ndiye anayejua kazi. Nyamaza, umsikilize!

Na kama mkono wako unasita, maji yapo, udongo upo. Mshike!