Injini ya Baba Ilipofunguliwa Mbele za Watu

Jumamosi, mwezi wa tatu, miaka ya mwanzo ya tisini. Mwaka wenyewe sina hakika nao. Mvua ilinyesha alfajiri ikakata, jua likatoka kali hata matope ya kijiji chetu cha Kiswere yakawa yanafuka mvuke. Ninachokumbuka zaidi ni harufu ya oili chakavu, na ndani yake harufu nyingine, kama ya kitu kilichochacha jikoni.

Enzi zile za ruksa kila mtu alijaribu biashara. Baba aliuza mikorosho yake ya urithi akanunua pikapu kuukuu, akawa anapeleka watu na samaki wakavu Mingoyo. Oili tulinunua ya kupimiwa kwenye chupa za soda, na mara nyingi ilikuwa na mchanga. Baba alijisifu kwamba yake haina hata chembe, maana aliichuja mwenyewe nyumbani. Basi gari likaanza kuwasha taa nyekundu ya oili. Asubuhi taa ilizimika vizuri. Likishatembea kidogo, hasa akikanyaga mafuta, inawaka. Akilizima na kulipumzisha, inazimika tena, kama mtu anayeugua kwa vipindi. Kijiti cha kupimia kilionyesha oili imejaa.

Mwezi uliotangulia Fundi Chande alikuwa ameifungua injini hiyo kubadilisha gasketi. Baba akasema barazani, watu wanasikia, kwamba Chande amechomoa pampu nzima ya oili akaacha mbovu. Nisimwonee baba: Chande alikuwa na maneno mengi, na watu walikuwa wanamsema kwa vipuri vya wenzao. Mimi sikuwahi kumwona akiiba. Lakini neno lilishatoka, na wazee wakamwambia Chande kama ni kweli, afunge vyombo vyake ahame. Alikuwa na mke mjamzito. Akajibu, "Tufungue hadharani. Pampu niliiwekea alama ya tindo, kila mtu anaijua alama yangu."

Ndipo tukajikuta kiwanjani siku ile, nusu ya kijiji, na mama amesimama nyuma na kanga mdomoni. Chande hakukimbilia kufungua. Kwanza aliondoa swichi ya taa, akafunga mahali pake geji ya kupimia presha ya oili, aliyoazima kwenye lori. "Isije ikawa taa ndiyo mwongo," alisema. Akawasha. Mshale ukapanda vizuri. Akakanyaga mafuta, akasubiri; mshale ukaanza kushuka polepole mpaka chini. Taa haikuwa mwongo. Akainamisha sikio.

"Hamna kinachogonga humu. Na pampu iliyochoka ingekuwa hoi tangu mwanzo. Hii inavuta, halafu inazibwa pumzi."

"Imezibwa na mkono wako," baba akasema.

"Haya, Baba Zuhura. Njoo ushike taulo."

Zuhura ni mimi. Kwetu mzazi huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, na nilipenda kusikia jina langu likitembea na baba mpaka Mingoyo. Chande akalala chini ya gari, akamwaga oili, akateremsha bakuli la chini ya injini. Pampu ilikuwa na alama ya tindo, ileile. Chini yake, kwenye chujio linalonyonya oili, palikuwa na donge jeupe-jeusi limeshikana kama uji ulioganda. Akalibandua, akalinusa, akampa bibi mmoja mvuvi wa pweza. Bibi akalifikicha vidoleni.

"Mbona hii chicha?" akasema. "Chicha ya nazi hii, na nyuzi za kifumbu!"

Kifumbu ni kile kifuko cha ukili tunachokamulia tui. Baba alikuwa akichujia oili kwa kifumbu cha zamani cha mama, kimejaa chicha kavu, yale makapi ya nazi iliyokamuliwa, kwenye masuko. Mama anasema alikichukua bila kuuliza. Baba alisema alipewa. Siwezi kuamua. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Chande naye alicheka, tena kwa sauti, na sikumlaumu. Baba alisimama na taulo mkononi, shingo imemwiva. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa lakini wote tulisikia, "Nimekukosea, Fundi. Nilikusema mbele ya hawahawa, mbele yao nakuomba radhi." Chande akaacha kucheka, akampa mkono wenye oili.

Ilitakiwa iishie hapo. Lakini tangu jioni ile baba akawa Baba Chicha, na mimi nikawa Chicha, shuleni na kisimani. Nilimwonea haya baba yangu, nikawa napita njia ya nyuma nisikutane na gari lake. Siku hizi oili inakuja kwenye madumu yenye lakiri, na tui lipo la pakiti. Hata hivyo nikiwa ndani ya gari la mtu, taa nyekundu ikiwaka, uso unanichoma kabla sijajua ni ya nini. Mingoyo bado wapo wanaoniita Chicha, nami naitika. Baba amekwisha kufa, na lile la kuomba radhi hakuna anayelitaja. Wanakumbuka chicha tu.

Jioni ile Chande alikula kwetu. Nazi zilikuwepo, tena zimeshakunwa, lakini mama hakugusa kifumbu. Tulikula ugali wa muhogo na papa mkavu wa kuchemsha kwa chumvi na ndimu, bila tui, na hakuna aliyeuliza.