Kidole cha Dresa

Kila asubuhi dresa, mfunga vidonda wa wodi yetu ya walioungua, huanza kwa kidole gumba. Hukibonyeza kidonda juu ya kitambaa safi, huachia, kisha hutazama damu inavyorudi, vile vile anavyobonyeza kahawa yake mtini kijijini kwake Maguu kabla ya kuichuma. Mishipa midogo ikiwa haijaota, ngozi ya kupandikiza haishiki. Hilo nami nililisomea miaka mitatu, na cheti ninacho. Yeye aliishia darasa la nne, lakini daktari akiingia humuuliza yeye. Akina mama wanaopanda milima na watoto kutoka ziwani hunipita mlangoni: "Nesi, babu wa kidole yupo?" Nami humwamkia shikamoo huku nimeuma meno.

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuingia Mbinga, aliomba ruhusa ya siku mbili akauze yake. Kabla ya kuondoka alibonyeza paja lililoungua la mtoto wa Aurelia, mmoja wa akina mama hao wa ziwani, akaninong'oneza, "Bado, mwanangu. Tusubiri Jumatatu." Alipotoka tu, nikamwambia daktari kidonda kiko tayari.

Daktari akapandikiza ngozi siku hiyo hiyo, na siku ya tano, dresa akiwa amesharudi, tulifungua bandeji. Ngozi ilikuwa nyeusi, imeachana na nyama. Dresa aliibandua taratibu, bila kunitazama. Aurelia akauliza ni nani aliyekosea.

"Ni mimi, mama. Kidole kimezeeka."

Aurelia akakishika kidole kile kile kwa mikono miwili, akamwomba safari ijayo abonyeze tena yeye.

Hata kosa langu alilichukua yeye.